Startup yetu ya phonie Kamina wakati wa vita, na mfumo wangu wa namba uliomfikisha mwenzangu mikononi mwa wanajeshi

Wakuu, nawasalimu wote, pamoja na ninyi mnaosoma kimyakimya bila kuingia kwenye akaunti.

Nitakayosimulia yalitokea. Majina ya watu nimeyabadilisha, jina la mji nimeliacha. Pale ambapo kumbukumbu yangu ina mashaka, nitasema kwamba ina mashaka. Huo ni ugonjwa wangu wa zamani, mtanivumilia.

Wiki mbili hizi jukwaa limejaa nyuzi za mafunzo ya founders. Mmoja anasema tushindwe haraka. Mwingine anasema tutafute co-founder anayetukamilisha. Wa tatu, ambaye kampuni yake, kwa kadiri nilivyoweza kuchunguza, ni ukurasa mmoja wa mtandao wenye picha yake akiwa amekunja mikono, anatueleza namna ya kuzungumza na wawekezaji.

Nimezisoma zote. Nimechukua hata notes.

Mimi pia niliwahi kuwa founder. Neno hilo hatukuwa nalo, lakini dalili zote za ugonjwa nilikuwa nazo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Kamina, kusini mwa Congo, vita vya pili vikiwa vimeanza.

Nilikuwa nimetoka Lubumbashi, ambako nilikuwa nikisoma shahada ya juu ya hisabati. Chuo kilikuwa kikifunguliwa na kufungwa kama duka la mtu mwenye homa za vipindi. Msimamizi wa tasnifu yangu aliondoka kwenda Ulaya kwenye mkutano wa wiki moja, mkutano ambao kwa hesabu zangu bado unaendelea. Nikapanda treni, nikarudi nyumbani kwa baba yangu, aliyekuwa karani wa shule ya Wamethodisti, nikiwa na sanduku la vitabu na imani kubwa kwamba mji ulikuwa ukinisubiri.

Mji haukuwa ukinisubiri. Mji ulikuwa ukisubiri habari.

Posta ilikuwa jengo tu. Simu zilikuwa waya zilizokwisha kuibwa. Treni ilikuja ilipojisikia. Na kila familia ya Kamina ilikuwa na mtu Bukama, mtu Mulongo, mtu Lubumbashi. Walimu wa pitch wangesema hapo pana pengo la soko. Sisi tuliita kutojua kama mama yako bado yu hai.

Ndipo akaja Banza.

Banza tulisoma pamoja shule ya msingi. Yeye aliacha masomo mapema, akawa fundi wa redio katika kampuni moja ya mashamba. Vita vilipoifunga kampuni, wenye kampuni waliondoka kwa haraka wakamwachia redio ya mawasiliano, ile ambayo Congo nzima tunaiita phonie. Ukiwa na phonie, betri, waya mrefu juu ya miti miwili na mtu mwenye redio kama hiyo upande wa pili, unaongea na Mulongo kama vile unaongea na jirani aliye kisimani.

Banza alikuwa na redio na ujuzi. Mimi nilikuwa na nini? Nimelifikiria sana swali hilo. Nilikuwa na Kifaransa kizuri cha kuandikia barua.

Sasa tuje kwenye funding, maana najua hapo ndipo wengi wenu mmekaa.

Sahani ya jua, ile ya kuchajia betri, ilitoka kwa Papa Mukalay, mzee wa parokia yetu. Betri ilitoka kwa dereva mmoja ambaye lori lake lilikuwa limebaki betri na honi tu. Viti, yaani mabenchi mawili, vilitoka kanisani. Chumba kilitoka kwa Mama Ngoie, mfanyabiashara wa samaki wa kukaushwa aliyekuwa na nyumba karibu na soko na wateja wake wote Bukama na Mulongo. Yeye hakutaka cheo. Alitaka kujua kila asubuhi kama samaki wake wamepakiwa.

Wengine walitaka vyeo. Kabla hatujapeleka ujumbe hata mmoja tulikuwa na président, vice-président, conseiller wa kutushauri na muhuri wa mviringo. Nasisitiza, muhuri ulitangulia waya wa antena. Papa Mukalay alituwekea sharti la sala kabla ya kufungua, na kwa kuwa alikuwa mtu wa sala ndefu, Bukama walizoea kutuita mara nne kabla ya sisi kufika kwenye Amina.

Mwenye betri alikuwa mwekezaji wa aina nyingine. Akikasirika, alikuja akafungua spana, akabeba betri yake begani, akaenda. Alifanya hivyo mara tatu. Mara moja ilikuwa ni kwa sababu hatukumwalika kwenye ubatizo. Nikisoma leo kwamba mwekezaji fulani amejiondoa, bado namwona mtu yule akitembea barabarani na betri begani, sisi tukimfuata nyuma na maneno matamu.

Hata hivyo kazi ilikwenda. Watu walijaa. Saa nne Bukama, saa tano Mulongo, baada ya mchana Lubumbashi. Mteja anakaa karibu na Banza, anaongea, akimaliza anasema à toi, yaani zamu yako, anaachia kitufe, anasikiliza.

Na hapo pana tatizo ambalo nataka mlielewe vizuri, kwa sababu yote yanatoka hapo. Sauti ya upande wa pili ilitoka kwenye spika. Benchi zima lilisikia. Na kwetu, habari ya kifo haitupwi tu. Mwenye msiba huitwa nyumbani, ndugu wanakusanywa, anakalishwa, wanamshika mikono, kisha mkubwa mmoja wa ukoo ndiye anayesema.

Siku moja mwanamke alikuja kuuliza habari za mahindi. Mulongo wakamjibu mahindi, kisha, bila kupumua, wakamwambia kwamba kaka yake amezikwa juzi. Alianguka kutoka benchini mbele ya watu waliokuwa wakingoja kuulizia samaki. Hakuna aliyejua nani amshike. Hakuwa na ndugu hata mmoja pale.

Banza alitatua jambo hilo kesho yake. Alitafuta vile visikilizi vya masikioni, akavirekebisha, akawa anasikiliza kwanza yeye mwenyewe. Kukiwa na kifo anasema mawimbi leo ni mabaya, anamtuma mtu kwa mkubwa wa familia, na mwenye msiba anaitwa nyumbani bila kujua sababu.

Basi. Tatizo liliisha. Lilimgharimu asubuhi moja.

Mimi sikuridhika.

Niliona kwamba suluhisho la Banza halikuwa na nadharia. Lilimtegemea Banza. Je, Banza akiugua? Je, tukifungua matawi? Wakuu, tulikuwa na betri moja ya kuazima, na mimi nilikuwa nikifikiria matawi.

Kwa wiki tatu nilijifungia nikabuni mfumo. Kila habari ambayo binadamu wa Haut-Lomami, wilaya yetu, angeweza kuhitaji kuisema niliipa namba. Tarakimu mbili za kwanza zilikuwa habari yenyewe. Ya tatu ilikuwa ya ulinzi: unajumlisha mbili za kwanza, ukipata zaidi ya tisa unatupa kumi. Kwa hiyo 583 ni mahindi yamefika lakini yamelowa, maana tano na nane ni kumi na tatu, tupa kumi, bakia tatu. 077 ni ndugu amefariki, kusanyeni ukoo kwanza. Mawimbi yakiharibu tarakimu moja, hesabu inakataa, unajua pana kosa. Ulikuwa mfumo mzuri. Hata leo ninaandika kwamba ulikuwa mzuri, kwa sababu ulikuwa mzuri kweli.

Nilipomwonyesha Banza karatasi, aliisoma yote kwa heshima. Kisha akasema:

"Mwalimu, bantu banataka kusema. Weye unabaletea hesabu."

Nikamweleza kwamba kila uvumbuzi hupingwa mwanzoni.

Tukazindua. Papa Mukalay aliupigia muhuri. Nakala zilipelekwa Bukama na Mulongo kwa treni na kwa mtumbwi. Nilisimama mbele ya mabenchi nikafundisha. Mteja aliyeanza kuongea bila namba nilimsimamisha na kumrudisha mwanzo, kwa upole, kama mara tatu nne, hadi akaelewa.

Na wakaelewa. Ndani ya mwezi mmoja kila mtu alikuwa akitaja namba. Nilikaa kwenye kona na daftari langu nikiandika kila kundi la tarakimu lililopita hewani, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona kwamba hiki si kituo cha phonie tena, hii ni sura ya nne ya tasnifu yangu.

Kasoro ilikuwa moja. Sehemu kubwa sana ya makundi niliyoandika ilikuwa na tarakimu ya tatu isiyo sahihi. Nilitafakari. Nikahitimisha kwamba ni mawimbi ya anga ya juu. Nikaandika kurasa kumi na moja kuhusu anga ya juu.

Wakati huo vita vilikuwa vikisogea kutoka kaskazini, upande wa Manono. Mjini wakaingia wanajeshi wengi na redio zao. Banza akanishauri tuache namba, angalau kwa muda. Nilimjibu kwa maandishi, kurasa mbili, nikimwonyesha kwamba mfumo wa kiraia ulio wazi hauwezi kutiliwa shaka na mtu mwenye akili timamu.

Fikirini kidogo. Ninyi ni askari mnaosikiliza redio karibu na uwanja wa vita. Mnasikia sauti za watu wazima zikisomeana makundi ya tarakimu tatutatu, kila asubuhi, kwa saa maalumu, kutoka upande wa adui.

Walikuja Jumatatu. Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta karatasi za mistari. Walichukua redio, betri, sahani, muhuri, na Banza.

Niliporudi, majirani walinieleza. Walimuuliza karatasi ya namba ni ya nani. Akasema ni ya ofisi. Walimpiga, wakauliza tena. Ni ya ofisi.

Alikuwa amefungiwa kwenye ghala la zamani la mahindi karibu na reli. Ilisemekana kwamba Alhamisi treni ya jeshi ingempeleka kusini, makao makuu, kama mpelelezi wa adui. Waliotangulia kupanda treni ile hatukuwa tumewasikia tena, si kwa phonie wala kwa njia nyingine.

Mimi nilifanya nini? Nilikaa chumbani kwa baba yangu, Jumatatu na Jumanne, nikipima. Nikijitokeza, huenda wakatukamata wote wawili, na hapo hakuna faida. Nisipojitokeza, huenda wakamwachia kwa kukosa ushahidi. Lakini ushahidi wanao. Lakini hawauelewi. Lakini kutouelewa ndiko kunakowatisha. Nilichora hata mchoro wenye matawi. Mchoro ulikuwa sahihi, na Banza alikuwa ghalani.

Jumatano asubuhi Mama Ngoie aliingia bila kubisha. Baba alijaribu kumpa kiti, akakikataa.

"Banza iko kule sababu ya karatasi yako," aliniambia. "Miye sijui kusoma, lakini njia ya camp najua. Vaa viatu."

Nikavaa viatu. Sitajisingizia ujasiri. Nilimwogopa yeye kuliko jeshi.

Kamanda alikuwa mtu wa umri wangu, mwenye macho ya mtu ambaye halali vya kutosha. Mezani kwake palikuwa na karatasi yangu yenye muhuri wa Papa Mukalay, na pembeni yake orodha ndefu iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi. Banza naye aliletwa, wakamkalisha sakafuni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kama si wake.

Nikasema karatasi ni yangu. Kamanda akaanza kuniuliza namba moja moja, nami nikamjibu zote bila kutazama. Mahindi yamelowa. Ndugu amefariki. Mke amejifungua salama, mtoto wa kike. Alinisikiliza kwa makini kuliko profesa yeyote aliyewahi kunisikiliza.

"Na kwa nini muntu asiseme tu mahindi inalowa?" akauliza.

Nikaanza jibu refu. Akanyanyua mkono.

Kisha akageuza ile orodha ya kalamu ya risasi. Ilikuwa ni makundi ambayo redio yao ilikuwa imeyanasa kwenye mawimbi yetu kwa wiki kadhaa. Akaweka karatasi yangu kando yake. Makundi mengi ya orodha hayakuwamo kwenye karatasi yangu.

"Hii yenye haiko ku karatasi," alisema polepole, "njo ya nani?"

Hapo nikaelewa tulipo. Nilikuwa nimekuja kuthibitisha kwamba namba zetu ni za mahindi, na nimethibitisha kwamba kuna namba nyingine. Nikasema ni makosa ya anga ya juu. Nikasema nina kurasa kumi na moja. Askari mmoja wa redio, aliyesimama nyuma yake, akatabasamu.

Mama Ngoie akakohoa.

"Ile iko yetu, mon commandant."

"Yenu nani?"

"Sisi ba-client. Huyu mwalimu kama hausemi namba anakasirika, anaanza kukufundisha tena tangu mwanzo, na samaki inaoza. Njo tunasema namba moja, yoyote yenye inakuja mu kichwa. Anafurahi, anaandika mu cahier yake. Kisha, kichwa yake ingali mu cahier, tunasema mambo yetu."

"Bote?"

"Bote. Na bale ba Mulongo pia. Banza njo alituambia tumuheshimu, juu alisoma sana."

Kamanda akanigeukia. Nadhani hata yeye alikuwa karibu kucheka, lakini alikuwa bado hajaamua.

"Mwalimu. Iko kweli ao hapana?"

Wakuu, nataka niwe mkweli hapa kuliko mahali pengine popote kwenye uzi huu.

Jibu lilikuwa neno moja. Kwa neno hilo rafiki yangu angetoka. Nilichofanya ni kwamba nilianza kuhesabu.

Nilijiambia: mama huyu anaweza kuwa anadanganya ili kumwokoa Banza. Nawezaje kujua? Kama watu walikuwa wakitaja namba yoyote tu, tarakimu ya tatu ingekuwa sahihi kwa bahati mara moja katika kila kumi. Kama walikuwa wakitumia mfumo na mawimbi yakaharibu, ingekuwa sahihi mara nyingi zaidi. Nikalifungua daftari kichwani. Nikapitia kurasa. Nikatafuta uwiano.

Ulikuwa moja kwa kumi.

Nilikuwa nao miezi yote ile mbele ya macho yangu. Kurasa zangu kumi na moja kuhusu anga ya juu zilikuwa zikieleza adabu ya wauza samaki.

Na bado sikusema. Kwa sababu jambo la pili lililonijia, na ninaliandika hapa nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, ni kwamba mfumo ungeweza kufanya kazi kama wangefundishwa vizuri zaidi. Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka ili kumweleza kamanda hivyo. Nilitaka ajue kwamba mfumo wenyewe hauna kosa.

Nikamwona Banza.

Hakuwa akimtazama kamanda, wala bunduki, wala mlango. Alikuwa akinitazama mimi, na alikuwa akiniogopa. Alinijua tangu utotoni. Alijua hasa nilichokuwa nikikitafakari.

"Iko kweli," nikasema. "Haina maana hata moja."

Kamanda akacheka hadi akaegemea ukuta. Akawaita maofisa wengine waje wasikie habari ya msomi na namba zake, nikalazimika kuisimulia upya, na safari ya pili Mama Ngoie aliiongezea chumvi. Banza akaachiwa saa ile ile. Redio, betri na sahani vilibaki jeshini. Muhuri walitupa. Nadhani hiyo ndiyo inayoitwa exit.

Tulitembea watatu hadi kwenye reli. Mama Ngoie alitangulia mbele ili atafute dawa ya mkono.

"Mwalimu," Banza akaniambia, "kule ndani ulikuwa unahesabu."

Nikasema ndiyo.

"Na ilitoka ngapi?"

"Moja kwa kumi."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichotaka kununua. Wiki iliyofuata aliondoka kwenda Bukama, akafungua phonie nyingine na mtu mwingine, yenye visikilizi vya masikioni na bila karatasi yoyote ukutani. Niliambiwa ilidumu hadi simu za mkononi zilipoingia. Tulipokutana, mara chache, alinisalimia kwa heshima kubwa sana. Ile heshima ya kutaja namba yoyote ili mwalimu afurahi.

Somo langu kwa founders ni hili, na halina picha ya mtu aliyekunja mikono. Wateja wenu huenda hawatumii mnachokiuza. Huenda wanawahurumia tu. Kitu chetu kingekuwa kimependwa, kikatumiwa kama nilivyokusudia, Banza angepanda treni ya Alhamisi. Aliokolewa na ukweli kwamba kazi yangu haikumfaa mtu hata mmoja.

Na kuhusu kumtafuta co-founder anayekukamilisha: mimi nilimpata. Ninyi mlio na wenzenu sasa hivi, msinijibu kwanza kuhusu soko wala wawekezaji. Niambieni hapa chini, bila kujipamba: siku mtakapoulizwa swali la neno moja, kati ya mwenzenu na mlichokibuni, mtakaa kimya kwa muda gani kabla ya kujibu?

Mimi sikupima muda wangu. Ni kipimo pekee maishani ambacho sikukichukua. Banza alikipima.